Juu Pasipo na Kilele

Gari la Lindi kwenda Masasi likishaiacha Nyangao haliendi sana kabla ya kufika Nanganga. Hapo abiria wa Ruangwa hushuka na mizigo yao kusubiri gari jingine, wauza korosho za kukaanga hukimbilia madirishani, na konda hugonga bodi kuharakisha mambo. Nanganga iko chini, upande wa bonde la mto Lukuledi, na aliye chini ndiye anayeona vizuri vilivyo juu. Ukiendelea na safari mpaka Masasi utakutana na majabali: Mtandi, Mkomaindo na wenzao, mawe makubwa yaliyochomoza katikati ya nchi tambarare pasipo kutoa taarifa. Lakini kabla hujafika huko, tangu hapo Nanganga, mkono wako wa kushoto kuna kitu cha namna nyingine. Ni mgongo mrefu wa kijani unaofuatana na barabara kilomita kwa kilomita, na juu yake umenyooka kama umepigwa rula. Huo ndio uwanda wa juu wa Makonde. Nyuma ya ukingo ule, kule usikokuona, ziko Newala, Tandahimba, Mahuta na vijiji visivyo na idadi.

Sasa mwombe abiria uliyeketi naye akuonyeshe kilele. Atakuambia subiri tufike Masasi. Hatanyoosha kidole kushoto. Ule mgongo ni mrefu, umebeba watu wengi kuliko majabali yote ya Masasi yakijumlishwa, maana juu ya jabali haishi mtu, lakini hakuna anayeuhesabu kuwa una kilele. Na kweli hauna. Unapanda, unapanda, kona baada ya kona, masikio yanaziba, halafu unafika juu na juu kwenyewe ni shamba la mihogo linaloendelea mpaka upeo wa macho.

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu hilo: tofauti ya kitu chenye kilele na kitu kilicho juu bila kuwa na kilele. Linaonekana ni jambo la mwalimu wa jiografia, lakini kusini huku limewahi kutugharimu fedha nyingi. Nitafika huko.

Kwanza kilele chenyewe. Mlima una kilele, mnara una kilele, na watu wa pwani hukitaja hata kilele cha mnazi. Mkwezi anapanda mpaka kileleni, anaangua nazi au anagema tembo, anashuka. Hakuna mkwezi aliyewahi kuulizwa kwa nini hakulala huko. Mlima Kilimanjaro ni vivyo hivyo. Sehemu yake ya juu kabisa, mita 5,895, ina historia ya watu waliofika na kuondoka. Mwaka 1889, tarehe 6 Oktoba, Mjerumani Hans Meyer alifika pale na Ludwig Purtscheller wa Austria, katika safari ambayo kijana wa Kichaga, Yohani Kinyala Lauwo, anakumbukwa kuwa ndiye aliyewaonyesha njia. Meyer akapapachika jina la mfalme wake, Kaiser Wilhelm. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda akapeleka huko bendera mpya na mwenge, na pale pakaitwa Uhuru. Kilele kimebadilishwa jina na mtu aliyekaa juu yake kwa muda mfupi sana, na hata leo mpandaji anayelipa maelfu ya dola hupiga picha kwenye kibao, hutetemeka kidogo, kisha kiongozi wake humwambia twende, hewa hii si ya kukaa nayo. Hiyo ndiyo tabia ya kilele. Kinafikiwa, na kikishafikiwa kinachofuata ni kushuka.

Nchini kwetu neno hilo limepata kazi ya pili, na siku hizi kazi hiyo ya pili ndiyo inayosikika zaidi redioni. Tunasema kilele cha Nane Nane, kilele cha mbio za Mwenge wa Uhuru, kilele cha wiki ya maji, kilele cha wiki ya Simba na cha Wiki ya Mwananchi. Kwa sisi wa mikoa ya Lindi na Mtwara, Nane Nane hufanyika uwanja wa Ngongo, nje kidogo ya mji wa Lindi, na kila Agosti watangazaji, nami nikiwemo, tunarudia tangazo lile lile: kilele kitakuwa tarehe nane, mgeni rasmi atakuwa fulani. Kilele cha namna hii kina ajabu yake. Kinapangwa na kamati miezi kadhaa kabla. Kinajulikana saa ya kuanza, nani atasoma risala, nani atakaa hema lenye mapazia na nani atasimama juani. Na daima kinaangukia siku ya mwisho, hata kama mambo mazuri yalikwisha siku tatu zilizotangulia.

Sina ugomvi na mahema wala na mgeni rasmi. Lakini mkulima anayetaka kujua jambo Ngongo, mimi humshauri aende siku ya tatu au ya nne. Siku hiyo mtaalamu wa mbegu ana nafasi; atampasulia muhogo amwonyeshe michirizi ya kahawia ndani yake, atamweleza ugonjwa unavyosafiri na vipande vya mbegu kutoka shamba hadi shamba, atarudia mpaka aelewe. Siku ya kilele mtaalamu yule yule amevaa fulana mpya ya maonyesho, amesimama wima mbele ya banda lake, macho yako barabarani kutazama kama msafara umefika. Ukimuuliza swali anakujibu kwa heshima huku hakutazami.

Baharini nako kuna kilele, ingawa wavuvi hawakiiti hivyo. Wao wana bamvua. Mara mbili kila mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa kupita kawaida, hugusa mizizi ya minazi na kuingia kwenye nyua za waliojenga kwa ubishi. Mtu wa Mikindani hahitaji kamati kumtangazia. Anautazama mwezi. Na bamvua lina siri ambayo wa bara hawaijui: siku hiyo hiyo maji yanapopanda sana ndiyo siku yanapotoka sana. Mwamba unabaki wazi mbali kabisa, na akina mama wanateremka na vijiti vyao kutafuta pweza kwenye mashimo ambayo siku za maji mafu hayafikiki. Kwa hiyo yule anayesema bamvua anataja kujaa na kukauka kwa pumzi moja. Neno kilele lingefaidika sana kama lingejifunza adabu hiyo.

Sasa turudi juu, kwenye uwanda.

Uwanda wa Makonde unaanza chini, karibu na pwani, na unainuka taratibu kuelekea magharibi, kiasi kwamba mtu anayetoka Mtwara kwenda Newala kwa njia ya Nanyamba na Tandahimba hawezi kukuonyesha ni wapi hasa alipoanza kupanda. Upande wa magharibi unakaribia mita 900 juu ya usawa wa bahari. Halafu unakatika ghafla. Pale Newala, karibu na boma la zamani la Wajerumani, kuna mahali panaitwa Shimo la Mungu. Unatembea kwenye nchi tambarare, unaongea na mwenzako, na hatua chache mbele nchi haipo tena. Chini kabisa ni bonde la Ruvuma, na ng'ambo ni Msumbiji. Aliyezoea milima angetarajia sehemu ya juu kabisa iwe katikati na imechongoka. Hapa sehemu ya juu ndiyo ukingo, na ukifika ukingoni unatazama chini.

Kwa nini watu waliishi huko? Swali hili lilimsumbua Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig, aliyefika Masasi na Newala mwaka 1906. Aliona watu wamejenga mbali na maji, mwendo wa saa nzima na zaidi, na akaona wanawake wakishuka magenge kwenda kuteka. Kwake yeye hilo lilikuwa kinyume cha akili. Binadamu hukaa penye maji. Katika kitabu chake alichotoa mwaka 1908 aliandika pia hadithi ya asili ya Wamakonde. Inasimulia mtu aliyeishi peke yake porini, hanyoi, haogi, akachonga kinyago cha mti na kukisimamisha nje ya makao yake. Usiku kinyago kikawa mwanamke. Wakashuka Ruvuma, wakazaa, mtoto akafa. Wakahama wakaenda penye bonde jingine, mtoto wa pili akafa. Wakapanda kwenye nchi ya vichaka, mahali panapoitwa Mahuta, na mtoto wa tatu akaishi. Mama huyo akawaachia wanawe agizo: msikae mabondeni, msikae karibu na maji makubwa, huko ndiko maradhi na kifo vilipo.

Anayejua habari za malaria na mbung'o hataicheka hadithi hii. Wala hataicheka anayejua karne ya 19 ilivyokuwa huku. Njia za misafara ya watumwa zilipita mabondeni kuelekea Kilwa, Lindi na Mikindani. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA aliwaleta watu waliokombolewa utumwani huko Unguja, akawaweka Masasi, chini ya majabali yale yale tunayoyahesabu kuwa na vilele. Mwaka 1882 wapiganaji wa Kingoni, Magwangwara kama walivyoitwa, wakaivamia Masasi, wakachoma, wakateka watu. Majabali hayakumsaidia mtu. Jabali linaonekana kutoka mbali, na kila mpita njia anajua chini yake kuna watu. Vichaka vya uwanda wa juu vilikuwa vizito, njia zake nyembamba, na kutoka chini huwezi kujua kama kuna kijiji kimoja au mia.

Ila juu kuna kodi yake, na kodi hiyo ni maji. Udongo wa uwanda ule ni mchanga unaonyonya mvua yote. Maji yanapita moja kwa moja na kutokeza chini kwenye magenge, ndiyo maana Ndanda, iliyo chini, ina chemchemi ambazo Newala haizioni hata ndotoni. Hata Vita vya Kwanza vya Dunia viliyajua haya. Mwezi Oktoba 1917, kuanzia tarehe 15 hadi 18, Waingereza na Wajerumani walipambana Mahiwa, jirani kabisa na Nyangao, katika mojawapo ya mapigano yaliyoua watu wengi zaidi kwenye vita vile Afrika Mashariki. Na waliokufa, pande zote mbili, wengi walikuwa Waafrika, askari na wapagazi. Baada ya hapo Jenerali von Lettow-Vorbeck wa Wajerumani akapandisha jeshi lake uwanda wa Makonde, Chiwata. Vitabu vya vita vinafundisha kwamba aliye juu ndiye mwenye nguvu. Yeye alikuwa juu, na juu hakukuwa na maji ya kulitosha jeshi, wala chakula, na risasi na dawa zilikuwa zinaisha. Akawaacha wagonjwa na majeruhi wake mamia kwa mamia, akashuka, na tarehe 25 Novemba akavuka Ruvuma kuingia Msumbiji.

Wenyeji hawakuwa na mahali pa kuvukia. Walibaki wakilipa kodi ile kwa vichwa vya wanawake, mtungi kwa mtungi, baadaye ndoo kwa ndoo. Miaka ya 1950 mradi wa maji wa Makonde ukaanza kusukuma maji kutoka bondeni kupandisha juu, na miaka ya 1970 Finland ikaja na mpango wake wa maji vijijini kwa Mtwara na Lindi. Pampu zikiwa nzima maji yanapanda. Umeme ukikatika au dizeli ikikosekana, watu wanarudi kwenye visima vyao vya nyumbani. Visima hivyo ukivisikia utadhani ni vya kuchimba mpaka maji. Hapana. Ni shimo lililosakafiwa kwa saruji, limefunikwa, na mfereji wa bati unaleta maji kutoka kwenye paa. Mvua za masika zinawekwa akiba humo, na mfuniko una kufuli. Ikifika Septemba na Oktoba, mwenye nyumba akifungua kufuli anahesabu ndoo zinazotoka, na jirani asiye na bati ananunua.

Hayo yote nimeyasema ili ieleweke kwamba kukaa juu, kwa mtu wa uwanda, hakujawahi kuwa ushindi wa siku moja. Ni hali inayodumishwa kwa kazi ya kila siku. Anayepanda Kilimanjaro anahitaji nguvu za kufika. Anayekaa Newala anahitaji maji ya kesho.

Na sasa ndipo niingie kwenye lile lililotugharimu. Nazungumzia korosho.

Mkorosho uliletwa na Wareno kutoka Brazili kupitia Msumbiji, na hakuna kitu kilichoipenda ardhi ya mchanga ya huku kama mti huo. Uzalishaji wa Tanzania ulipanda mwaka hadi mwaka baada ya Uhuru, na msimu wa 1973/74 ukafikia tani 145,000 hivi. Kwa wakati ule hiyo ilikuwa sehemu kubwa ya korosho ya dunia nzima, na nyingi ilitoka mikoa hii. Waliokuwa na grafu ofisini waliona mstari unapanda, wakachukua rula, wakauendeleza. Benki ya Dunia ikatoa mikopo, na vikajengwa viwanda vya kubangulia zaidi ya kumi: Lindi, Mtwara, Newala, Masasi, Nachingwea, Tunduru na kwingineko. Mashine zikaagizwa kutoka nje, zilizopangwa kumeza mazao ya nchi ambayo mstari wake hauachi kupanda.

Msikilizaji, 1973/74 kilikuwa kilele. Hakuna aliyejua. Hakikuwa na mgeni rasmi wala hema. Kilipita kimya, na msimu uliofuata watu wakasema mvua haikuwa nzuri.

Kilichotokea kina sababu kadhaa na kila mzee wa Nanganga au Chiwata atakupa yake kwanza. Operesheni vijiji iliwahamisha watu wakaenda kukaa pamoja, na mikorosho ikabaki kwenye mahame. Mkorosho usiopaliliwa humezwa na vichaka, na anayeishi kilomita nyingi kutoka shambani haendi kupogoa matawi kila wiki. Bei aliyolipwa mkulima ikawa kipande kinachopungua cha bei ya dunia. Halafu, kuelekea mwisho wa miaka ya 1970, ukaingia ubwiriunga. Ukisimama chini ya mkorosho ulioshikwa na ugonjwa huo mwezi Julai au Agosti utaona maua na machipukizi yamepakwa kitu cheupe, unga mtupu, ukikigusa kinabaki kidoleni. Ua lililopakwa unga ule linakauka kabla halijashika tunda. Mti mzima unabaki na majani mazuri ya kijani, una kivuli kizuri, hauna kitu.

Ilipofika 1986/87 nchi nzima haikufikisha tani 20,000. Kutoka 145,000. Viwanda vile vipya vilikuwa vimesimama, vingine vikiwa havijawahi kubangua msimu mmoja kamili, na baadaye vingi vikawa maghala. Kosa halikuwa kujenga viwanda. Mpaka leo tunalia kwamba korosho yetu inasafirishwa ghafi kwenda India na Vietnam. Kosa lilikuwa kwamba waliopanga walisimama kileleni wakadhani wako Newala. Walidhani wamefika uwandani, kwamba mbele ni tambarare au mwinuko, kwamba hapo panakalika. Kumbe walikuwa juu ya mnazi.

Nami siwalaumu sana. Kilele cha kitu kinachohesabiwa hakionekani ukiwa juu yake. Mtandi unauona kutoka mbali, na unajua utakapoishia kabla hujaanza kupanda. Lakini mwaka wa mavuno makubwa unafanana kabisa na mwaka unaotangulia mavuno makubwa zaidi. Huko Marekani mtaalamu wa miamba, M. King Hubbert, alitabiri mwaka 1956 kwamba mafuta ya nchi yake yangefika kilele mnamo mwaka 1970 kisha yapungue. Mwaka 1970 ukafika, uzalishaji ukafika juu, ukaanza kushuka, na Hubbert akasifiwa duniani kote. Baadaye wakagundua jinsi ya kuyakamua mafuta kwenye miamba migumu, na kufikia 2018 kile kilele cha 1970 kilikuwa kimepitwa. Hata aliyepatia hakupatia mpaka mwisho.

Kwetu pia kilele cha zamani kimepitwa. Salfa ilikuja, watu wakajifunza kuipuliza. Kazi hiyo hufanywa alfajiri, upepo ukiwa umetulia na majani yakiwa na umande, ili vumbi lishike. Mpulizaji anabeba mashine mgongoni, amejifunga kitambaa usoni, na akimaliza shamba amekuwa wa njano kuanzia kope hadi viatu. Watu walianza kurudi kuyasafisha mahame. Tangu 2007 ukaja mfumo wa stakabadhi ghalani: korosho inakusanywa kwenye chama cha msingi, inapelekwa ghalani, inauzwa kwa mnada. Una lawama zake, na makato yake yanajulikana kila nyumba, lakini uliipunguza nguvu kangomba, ile biashara ya kumkopesha mkulima njaa yake mwezi wa tano na kujilipa kwa bakuli za korosho mwezi wa kumi.

Msimu wa 2017/18 zikapatikana tani zaidi ya 313,000, na bei ya kilo minadani ikapita shilingi 4,000. Nakumbuka lugha ya wakati ule. Kila mmoja alisema kilele, bati zikapanda bei, pikipiki zikajaa Newala na Tandahimba. Msimu uliofuata wanunuzi wakaja na bei ambazo wakulima walizikataa, Rais Magufuli akaamuru serikali inunue kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na magari ya jeshi yakaja kubeba magunia. Uzalishaji ukashuka na kukaa chini misimu kadhaa. Kisha ukapanda tena, na msimu wa 2024/25 ukavuka tani 500,000, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kutokea. Bei nayo mwanzoni mwa msimu huo ilirudi juu ya 4,000.

Sasa niambie, hiyo ni nini? Tuko juu ya uwanda, au juu ya mnazi?

Shuleni watoto wetu wanafundishwa kipeo kwenye hesabu, namba inajizidisha yenyewe na kukua kwa kasi ya kutisha. Ni somo zuri, ila mikorosho haijalisoma. Mti una umri. Miti mingi inayobeba mavuno ya huku ilipandwa na babu, na mti mzee huzaa kidogo hata ukiogeshwa salfa. Salfa yenyewe inaagizwa kutoka nje na kwa misimu hii ya karibuni imetolewa kwa ruzuku. Siku ruzuku ikilegea, mkulima mdogo atapuliza mara mbili badala ya mara tano, na ubwiriunga hauna huruma ya kuelewa bajeti. Miche mipya imesambazwa kwa wingi, na iliyoshika inaanza kuonekana. Haya ndiyo maji ya uwanda huu mwingine. Yakipandishwa kila siku tutakaa juu. Pampu ikisimama tutashuka, na magenge yake ni marefu.

Lengo linalotajwa na serikali ni tani milioni moja ifikapo 2030. Sitalipinga, niliyewahi kuona 313,000 zikiitwa mwisho wa uwezo wetu sina ujasiri wa kusema kisichowezekana. Ninalolitazama zaidi ni mipango ya viwanda. Huko Maranje, mkoani Mtwara, inapangwa kongani ya kubangulia korosho, na mtu fulani mezani kwake anaamua ukubwa wa mashine. Ningependa ajaze karatasi yake kwa kutumia safu nzima ya misimu, 1973/74 ikiwemo, 1986/87 ikiwemo, na ule msimu wa magari ya jeshi. Aulize mashine hiyo itakula nini katika msimu mbaya, ndipo aulize itameza kiasi gani katika msimu mzuri. Na kama kutakuwa na uzinduzi, basi sisi tutautangaza kama kawaida, tarehe, saa na mgeni rasmi. Halafu mwandishi wetu arudi pale baada ya misimu mitatu, siku isiyo na hema, ahesabu mashine zinazonguruma.